Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Moyo wa Chumba Kimoja, Kata ya Mfaranyaki, kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma,
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Songea,
Mstahiki Meya wa Manispaa ya Songea,
Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu ya Mfaranyaki,
Viongozi wetu wa dini, wazee wetu, ndugu wananchi,

 

Sisi tulio mbele yako ni wazazi na walezi wa watoto waliozaliwa na moyo wenye chumba kimoja tu kinachoweza kusukuma damu. Hatuko wengi; tukikusanyika tunaenea kwenye mabenchi mawili ya ofisi ya kata. Wengine tumekuja na watoto wenyewe. Utawatambua kwa midomo na kucha zilizoingia rangi ya bluu, na kwa namna wanavyochuchumaa katikati ya mchezo wakivuta pumzi huku wenzao wakiendelea kukimbia.

Mheshimiwa, tuna haki ya kueleza ugonjwa huu kwa sababu tumeusomea kwa machozi. Moyo wa kawaida ni pampu mbili zilizoungana: ya kulia inapeleka damu kwenye mapafu ikachukue hewa, ya kushoto inaisambaza mwilini. Mtoto wetu amezaliwa na pampu moja, nayo inafanya kazi ya mbili. Hakuna upasuaji wa kumrudishia ile iliyokosekana. Kilichopo ni upasuaji wa hatua. Hatua ya kwanza hufanyika katika wiki za mwanzo za maisha: kama damu inayofika mapafuni ni kidogo, madaktari huweka kijimrija cha kuiongeza, kama ni nyingi mno, hufunga mkanda kwenye mshipa wa mapafu kuipunguza. Hatua ya pili, ambayo kwa kawaida huanza kufikiriwa mtoto akiwa na miezi minne hadi sita, huunganisha mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka kichwani na mikononi moja kwa moja na mshipa wa mapafu. Upasuaji huo unaitwa kwa jina la daktari William Glenn wa Marekani, aliyeuandika mwaka 1958. Hatua ya tatu huja mtoto akiwa na umri wa miaka miwili hadi mitano, na damu ya sehemu ya chini ya mwili nayo huelekezwa mapafuni bila kupita kwenye pampu. Hiyo ni ya Francis Fontan wa Bordeaux, Ufaransa, aliyeifanya kwa mara ya kwanza mwaka 1968. Baada ya hapo ile pampu moja hubaki na kazi ya mwili peke yake.

Hatua hizi haziwezi kufanywa zote kwa siku moja, maana mishipa ya mapafu ya mtoto mchanga bado ina shinikizo kubwa na lazima isubiriwe ilegee. Haziwezi pia kuahirishwa tupendavyo. Moyo unaofanya kazi ya mbili huchoka, na mapafu yanayopokea damu nyingi kupita kiasi hukakamaa. Yakishakakamaa, mlango wa hatua zinazofuata umefungwa, na hakuna pesa ya kuufungua. Kila kero tunayoileta leo, Mheshimiwa, imetoka kwenye jambo hilo moja: watoto wetu wanatibiwa kwa kalenda, na sisi tunaishi mbali na kalenda hiyo.

1. Kero yetu ya kwanza ni kuchelewa kugundulika. Mtoto akiwa tumboni ana mshipa mdogo unaounganisha mshipa wa mapafu na ule wa mwilini, na mshipa huo hujifunga wenyewe ndani ya siku chache baada ya kuzaliwa. Wengi wa watoto hawa huishi kwa mshipa huo. Kwa hiyo mama anajifungua salama, mtoto analia, ananyonya, siku ya pili wanaruhusiwa na pongezi zinatolewa. Siku ya nne mtoto hataki ziwa, anahema kwa haraka, ngozi imebadilika. Mama anaambiwa ni nimonia. Anapewa dawa ya nimonia, na wiki inayofuata tena dawa ya nimonia. Majirani nao wana majibu yao: wengine husema ni baridi ya Songea imemwingia kifuani, wengine husema neno baya zaidi kuhusu mama huyo na ukoo wake. Mwenzetu mmoja alizunguka vituo vitatu kwa miezi saba kabla daktari mmoja kijana hajaweka sikio lake kifuani kwa mtoto na kunyamaza kwa muda mrefu.

Kifaa cha kuzuia yote haya ni kidogo, kinabanwa kwenye kiganja au mguu wa mtoto na kusoma kiasi cha oksijeni kwenye damu bila sindano. Kipimo hufanywa mkono wa kulia na mguu mmoja, ikiwezekana baada ya saa 24 tangu kuzaliwa. Mtoto akipata asilimia 95 au zaidi na tofauti ya mkono na mguu isizidi 3, anakwenda nyumbani; akiwa chini ya 90, apelekwe kwa daktari papo hapo. Marekani iliingiza kipimo hiki kwenye orodha yake ya vipimo vya watoto wachanga mwaka 2011. Tunaomba, Mheshimiwa, kila kituo kinachozalisha katika mkoa huu, kuanzia zahanati, kiwe na kifaa hicho chenye kibanio cha mtoto mchanga na wakunga wafundishwe kukitumia. Na kwa kuwa akina mama wengi huondoka kabla ya saa 24, kipimo kirudiwe kwenye hudhurio la kliniki katika wiki ya kwanza, na namba iandikwe kwenye kadi ya mtoto pale inapoandikwa uzito wake.

2. Kero ya pili ni njia. Kutoka hapa hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Upanga, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 900. Basi linaondoka alfajiri: Njombe, Makambako, Mafinga, Iringa, kisha mteremko wa Kitonga, Ruaha Mbuyuni, Mikumi, Morogoro, na usiku unakukuta Mbezi hujui upande daladala ipi. Mtoto mwenye oksijeni ya 70 anasafiri siku nzima akiwa amebanwa mapajani mwa mama, na kwenye basi hakuna mtungi wa hewa. Tumemfunika kwa kanga abiria wasiulize maswali. Akilia anageuka bluu zaidi, kwa hiyo safari nzima kazi ya mama ni kuhakikisha mtoto halii.

Halafu ipo nauli. Sisi ni wakulima wa mahindi, wengine ni mama lishe, wengine waendesha bodaboda. Mkoa wetu unalisha mikoa mingine, lakini rufaa ikiandikwa mwezi Februari mahindi bado mabichi shambani, na mkulima wa Songea hana fedha Februari. Anauza gunia ambalo halijavunwa kwa bei ya anayemkopesha. Yupo mzazi aliyeambiwa achangie mafuta ya gari la wagonjwa. Hatutaji ni wapi, kwa kuwa hatukuja kumshitaki mtu. Tunaomba Halmashauri itenge fungu la nauli katika mapato yake ya ndani kwa ajili ya watoto wa rufaa za moyo, mzazi mmoja na mtoto, kwenda na kurudi, na lisisubiri vikao. Kwa mtoto mchanga aliye katika hali mbaya tunaomba gari la wagonjwa lenye oksijeni na muuguzi. Tunaomba pia hospitali ya rufaa ya mkoa iwe na dawa ya prostaglandini, inayouzuia ule mshipa mdogo usijifunge mpaka mtoto afike kwa wapasuaji. Bila dawa hiyo, kwa baadhi ya watoto gari linakimbizana na saa ambazo zimeshakwisha.

3. Kero ya tatu ndiyo iliyotufanya tuandike risala hii, nayo ni kupotea kwa watoto kati ya hatua na hatua.

Mtoto akitoka hatua ya kwanza anarudi Mfaranyaki ana rangi, ananyonya mpaka anasinzia. Jamaa wanachinja kuku. Padri anakuja, shehe anakuja, kila mtu anasema mtoto amepona. Mama naye, baada ya wiki nyingi wodini, anatamani sana kuliamini neno hilo. Lakini mtoto hajapona. Ule mrija ni wa kipimo cha mtoto mchanga. Mtoto anakua, mrija haukui. Kila kilo anayoongeza, na sisi tukashangilia kwenye mizani, inaufanya mrija uzidi kutomtosha. Tungeambiwa hivyo kwa lugha hii siku ya kuruhusiwa, na tukaambiwa mara mbili, tusingechinja kuku wengi kiasi kile.

Mimi ninayesoma risala hii niliandikiwa nirudi mtoto akiwa na miezi sita. Nilirudi akiwa na mwaka mmoja na miezi tisa. Katikati hapo baba yake aliugua, simu yenye namba niliyoiacha hospitali iliibwa, na nilipokwenda kuomba rufaa ya kurudi niliambiwa nianze upya: zahanati, kituo cha afya, hospitali, kila mahali na foleni yake, kana kwamba mtoto hajawahi kupasuliwa. Kovu lilikuwa kifuani kwake na hakuna aliyelisoma. Tulipofika Dar es Salaam daktari hakutugombeza. Alituuliza tu tulikuwa wapi. Sikuwa na jibu zaidi ya kusema Songea.

Wakampitishia waya mwembamba kwenye mshipa hadi moyoni kupima shinikizo la mapafu, na kwa rehema za Mungu lilikuwa bado linaruhusu. Mwanangu alipata hatua ya pili. Mama niliyepakana naye kitanda wodini, naye kutoka mkoa wa kusini, alikuwa amechelewa kwa muda mfupi kuliko mimi, ila mwanawe alikuwa wa aina ile ya damu nyingi mapafuni. Waliambiwa warudi nyumbani na dawa. Nilimsindikiza hadi kituo cha basi na hatukuzungumza njia nzima.

Mheshimiwa, Serikali imeshalipa gharama kubwa kwa mtoto huyo hadi kumtoa hatua ya kwanza. Daktari aliyesomeshwa miaka mingi, mashine, damu iliyochangwa na watu wasiomjua, yote yametumika. Kisha mtoto anapotea kwa kukosa mtu wa kumpigia simu mama yake. Tunaomba rufaa ya mtoto wa moyo wa chumba kimoja iwe moja kwa hatua zote tatu, iandikwe mara moja na itambulike kila mahali mpaka hatua ya mwisho. Tunaomba daftari lifunguliwe katika hospitali ya rufaa ya mkoa, lenye jina la kila mtoto wa Ruvuma aliyeanza safari hii na nafasi tatu za tarehe mbele ya jina, na awepo mtumishi mmoja anayejulikana, mwenye wajibu wa kutazama nafasi iliyo tupu na kuuliza kwa nini. Namba za simu zichukuliwe za watu watatu: mzazi, ndugu, na mwenyekiti wa mtaa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii apewe jina la mtoto wa mtaani kwake. Nyumba zetu anazijua, anapita kila wiki kuangalia vyandarua. Na kabla mama hajaruhusiwa wodini, akabidhiwe kwa maandishi ya Kiswahili tarehe ya hatua inayofuata na sababu ya tarehe hiyo.

4. Kero ya nne ni umri wa miaka mitano. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mtoto chini ya miaka mitano atibiwe bila malipo, nasi tunaishukuru kwa dhati, kwani bila hiyo wengi tusingefika popote. Lakini hatua ya tatu, kwa watoto waliochelewa kama wetu, huangukia baada ya siku ya kuzaliwa ya tano. Msamaha huo wa malipo unaisha pale pale upasuaji mkubwa kuliko yote unapoanza. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, tuliyokuwa tukilipia shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ilitusaidia hapa mkoani na kuishia katika hospitali ya mkoa. Toto Afya Kadi, bima ya watoto iliyokuwa ya shilingi 50,400, baadhi yetu tuliikata, na utaratibu wa kujiandikisha ulipobadilishwa mwaka 2023 wenzetu waliozaa baadaye walikuta dirisha limefungwa. Wengine tulipelekwa ustawi wa jamii kuthibitisha kwamba hatuna uwezo, na barua ya mtaa ikaonekana haitoshi.

Tunaomba Mheshimiwa utufikishie kwa Waziri wa Afya ombi hili: mtoto aliyeanza upasuaji wa hatua akiwa chini ya miaka mitano ahesabiwe kuwa yumo ndani ya msamaha mpaka hatua ya tatu ikamilike, hata akiwa na miaka tisa. Na kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, tunaomba watoto wa mkoa huu wenye magonjwa ya moyo ya kuzaliwa nayo wawe wa kwanza kuandikishwa katika kundi la wasio na uwezo, bila kurudishwa kutafuta barua nyingine.

5. Kero ya tano ni mahali pa kulala. Mtoto akiwa chumba cha uangalizi maalumu, mama hana kitanda. Wenye ndugu Mbagala au Gongo la Mboto wanakwenda na kurudi. Wasio na ndugu wanalala kwenye korido na kufulia bombani. Tunaomba mikoa ya kusini iungane kupata nyumba ya wazazi karibu na Upanga.

6. Kero ya sita ni kwamba hapa nyumbani hakuna anayemfuatilia mtoto kati ya safari. Anatumia dawa ya kupunguza maji mwilini na aspirini ya kipimo kidogo ili mrija usizibe. Dawa za kipimo cha mtoto hazipatikani mara zote, hivyo mama anakata kidonge cha mtu mzima kwa wembe, robo, nusu ya robo, na Mungu ndiye anayejua amepata kiasi gani. Mtoto akiharisha, jambo ambalo kwa mtoto mwingine ni la siku mbili na maji ya chumvi na sukari, kwa wetu ni hatari ya mrija kuziba, maana damu yake tayari ni nzito na ikikauka huganda. Tumeliona hilo likitokea usiku mmoja. Mama alikuwa amefika kituoni jioni na kuambiwa arudi asubuhi.

Taasisi ya Moyo imekuwa ikipeleka madaktari wake mikoani kwa huduma mkoba. Tunaomba Songea iwe na tarehe zake zinazojulikana katika mwaka, angalau kila baada ya miezi minne, na mmojawapo wa watakaokuja awe daktari bingwa wa moyo wa watoto. Tunaomba daktari mmoja na muuguzi mmoja wa mkoa huu wapelekwe kusomea eko, yaani kipimo cha picha ya moyo, cha watoto, warudi, na wasihamishwe kabla hawajafundisha mwingine. Jambo hili linawezekana. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Daktari Godwin Godfrey alikwenda Israel kusomea upasuaji wa moyo wa watoto kwa miaka kadhaa, akarudi kuifanya kazi hiyo hapa nchini. Nchi iliyoweza hilo haiwezi kushindwa kuipatia Songea mtu mmoja wa kusoma eko. Na tunaomba kila mtoto wetu apewe kadi nyekundu, yenye maandishi makubwa kwamba akiharisha, akitapika au akipata homa, apokelewe saa hiyo hiyo.

7. Kero ya saba ni shule, nayo ni fupi. Mtoto wa miaka saba aliye kwenye hatua ya pili hawezi mchakamchaka wa asubuhi. Hawezi kubeba ndoo ya maji ya bustani. Akichuchumaa anaambiwa mvivu, na baridi ya Juni na Julai inamzidishia kuhema. Walimu hatuwalaumu, hawajaambiwa. Tunaomba Ofisa Elimu wa Manispaa atoe waraka kwa walimu wakuu, na barua ya daktari ya mtoto iwekwe kwenye faili la shule badala ya kukaa kwenye mfuko wa mama.

8. Kero ya nane tuliijadili sana kama tuiseme. Wapo wenzetu watakaobaki bila hatua ya tatu, na wapo walioambiwa kwamba moyo wa mtoto wao, hasa ule ambao upande wa kushoto haukuumbika, unahitaji upasuaji wa siku za kwanza ambao ni hospitali chache duniani zinaufanya vizuri. Tunalikubali hilo. Tusilolikubali ni kuambiwa njoo mwezi ujao, mwezi ujao, na mtu ambaye tayari anajua jibu. Tunaomba tuambiwe ukweli, tukiwa tumekaa, baba na mama pamoja, kwa sauti ya taratibu. Akina baba wawili katika kundi letu waliondoka nyumbani kwa sababu walichoelewa ni kwamba ugonjwa umetoka upande wa mama. Daktari angetumia dakika kumi kuwaeleza kwamba takriban mtoto mmoja katika kila mia moja duniani huzaliwa na kasoro ya moyo, katika kila taifa na kila dini, huenda wangekuwa wamekaa hapa leo. Na mtoto akifia Dar es Salaam, tunaomba Serikali itusaidie kumrudisha, maana mama anarudi na basi lile lile, njia ile ile.

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, tumevumilia na bado tunavumilia. Hatujafunga barabara wala hatujapiga kelele, na hatukusudii kufanya hivyo, kwa kuwa tunaamini mambo haya yamo ndani ya uwezo wa ofisi yako na wale unaoweza kuwapigia simu.

Tumeambatanisha orodha ya watoto wetu, kila jina na nafasi tatu za tarehe mbele yake, kama tunavyoomba daftari la mkoa liwe. Nafasi ya kwanza imejazwa kwa wengi. Ya pili imejazwa kwa wanne. Ya tatu haijajazwa kwa mtoto yeyote wa Mfaranyaki, na mkubwa wao, yule aliyekaa mwisho wa benchi la pili mwenye sweta la kijani, anatimiza miaka tisa baada ya mavuno.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wazazi na walezi,
Kata ya Mfaranyaki,
Manispaa ya Songea.